Ananisaidia

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, wala halikuwa tusi. Ungeweza kulisema mbele ya wakwe na hakuna ambaye angeinamisha kichwa. Lakini yako maneno yanayotoka mdomoni yakiwa mepesi kama unyoya, na yakimfikia mwenye kuambiwa yamekwisha kuwa jiwe la kusagia. Fundi wa kike aliyejulikana kwa jina la Sindano aliangukiwa na jiwe hilo akiwa amesimama katikati ya karakana yao, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai cha mgeni, mkono wa pili una chuma cha lehemu ambacho kilikuwa hakijapoa.

Mgeni ni yule waliyemwita Bwana Maji, msimamizi wa mradi wa maji, mtu mpole mwenye viatu vya ngozi ambavyo kisigino cha kushoto hakikukosa tope. Shida yake ilikuwa hii: pampu iko chini bondeni, tangi liko juu mlimani, na kati yao umelala waya wa simu wa zamani ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Pampu haikujua tangi limejaa lini. Kwa hiyo maji yalimwagika huko juu yakichimba mtaro, na huku waliokaa nyuma ya mlima wanafungua bomba linakohoa upepo. Bwana Maji alitaka vifaa viwili vidogo, kimoja kila ncha ya waya, viambiane: limejaa, zima, limepungua, washa. Pale karakanani wakaviita vijaluba, maana vilikuwa vya bati na ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni ya kufulia.

Siku hiyo alikuja kuona cha kwanza kikifanya kazi. Kililazwa juu ya meza, kikaunganishwa na kompyuta kubwa ya karakana, vikasalimiana na kuzungumza bila kukwama. Bwana Maji akafurahi mpaka akasahau chai. Akauliza ni nani aliyefanya ufundi huu.

Spika ndiye aliyejibu. Huyu alikuwa pacha wake Sindano, aliyemtangulia kutoka tumboni kwa muda wa kuchemsha birika, na tangu hapo akajihesabu mkubwa. Jina la Spika alipewa shuleni kwa sababu ya sauti, na sauti hiyo ingeweza kumuuzia mvuvi maji. Alimshika mgeni begani, akanyoosha kidole kwa dada yake kama mtu anayeonyesha kabati.

"Na huyu ni dada yangu," alisema. "Ananisaidia."

Sindano akaweka kikombe mezani. Hakukirusha, ingawa mkono ulitaka.

Sasa ijulikane kazi aliyokuwa ameifanya, maana haikuwa ya kusaidia mtu. Kompyuta zina taratibu zao za kuzungumza, na ziko nyingine za zamani, zilizokomaa, za mazungumzo ya wawili tu, ncha kwa ncha, hakuna wa tatu. Huyu anabisha hodi, yule anaitikia. Huyu anasema ningependa tuzungumze hivi; yule anajibu sawa, au anajibu hapana, afadhali vile, au anajibu hilo silijui, liondoe. Wakishakubaliana ndipo maneno yenyewe yanapita. Taratibu hizo ziliandikiwa mashine kubwa zenye nafasi ya kutosha. Kijaluba kina akili ya kifaranga, na ndani yake inakaa programu nyepesi ya mtandao, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine maskini. Sindano alipewa kuzihamisha taratibu kubwa aziingize katika kibanda kile.

Ni kama kuchukua ukoo mzima kutoka nyumba ya vyumba vingi na kuutia katika chumba kimoja. Katika nyumba kubwa, mmoja anaweza kukaa sebuleni akimsubiri mgeni na wengine jikoni wanaendelea. Katika kijaluba yumo mtu mmoja tu: yeye ndiye mpishi, yeye mfuaji, yeye ndiye mwitikia hodi. Akisimama mlangoni kumsubiri mgeni, chungu kinaungua. Kwa hiyo kila mahali palipoandikwa "subiri hapa", Sindano alipafumua na kupashona upya, paseme: nenda kafanye mengine, ukiitwa rudi, na ukirudi ukumbuke ulipoachia. Na mahali pa namna hiyo palikuwa pengi, pamejificha kama chawa kwenye mshono. Ukidhani umewamaliza, unawashwa kwingine. Alifumua na kushona mpaka macho yakawa mekundu, na jirani mmoja akamwonea huruma akamuuliza kama amefiwa.

Spika naye apewe haki yake. Vya kupimia kina cha maji alivitengeneza yeye, na kwa mkono safi. Vifuniko ni vyake, rangi ya kijani ni yake, simu zote kwa Bwana Maji ni zake. Lakini mazungumzo yenyewe, roho ya kile kijaluba, hakuwa ameigusa hata kwa ukucha.

Mgeni alipoondoka, Sindano alimuuliza kaka yake kwa sauti ya chini sana, na waliomjua waliiogopa sauti hiyo kuliko makelele.

"Nakusaidia?"

Spika akacheka. Akasema ni neno tu, mtu wa maji anataka kujua ampigie nani simu, hataki historia ya nani ameandika nini.

"Basi lirudishe. Mpigie umwambie."

"Neno si bidhaa, dada. Halirudishwi dukani."

Hapo ndipo Sindano alipochukua chaki.

Alianza kwenye kizingiti, akachora mstari mpaka katikati ya sakafu, akaupandisha mguu wa meza. Meza hiyo zamani ilikuwa mlango, bawaba yake moja ilikuwa bado iko pembeni, na wote wawili walijifunzia kazi hapo. Mstari ukaikata meza, ukapanda rafu, ukapita katikati ya kopo la skrubu, ukafika dirishani. Upande huu wake, upande ule wa kaka yake. Kwa bahati mbaya soketi ya umeme ilibaki ng'ambo. Sindano hakuomba. Alivuta waya mrefu kutoka chumbani kwa mama yao, akautoa kwa mlango wa nyuma, akauzungusha nyumba nzima na kuuingiza kwa dirisha. Kuku wa jirani walijikwaa juu yake kutwa, na kila walipojikwaa kompyuta yake ilizimika, naye akaiwasha tena, midomo ameibana kama aliyeng'ata pini.

Tangu siku hiyo hawakusemezana ila kupitia kwa Mama. Mama alikuwa na kiti chake cha mikono karibu na mlango, juu ya mstari hasa, na hapo alishonea vifungo vya nguo za watu. Ikawa Sindano anamwambia Mama amwambie mwanawe apunguze redio, na mwenye redio amesimama hatua mbili kutoka hapo, anasikia kila kitu. Mama anageuza shingo, anapeleka ujumbe, na kila ujumbe ukipita kwake unapungua kidogo hapa na kuongezeka kidogo kule. "Redio iko upande wangu" likafika likiwa "redio ni yangu", na hilo peke yake likazaa ugomvi mwingine. Mwishowe Mama akatupa sindano na uzi mapajani.

"Mimi si bomba la kupitishia maji yenu machafu," alisema. "Mwenye kinywa atumie kinywa chake."

Hawakutumia.

Habari zikamfikia Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa mtunza stoo maisha yake yote mpaka akastaafu, na ambaye aliamini hakuna shida duniani isiyotatuliwa kwa kukitenga kitu na kingine. Akaja, akautazama mstari wa chaki, akauona umefutika mahali ambapo watu wanapita. Akasema chaki ni mchezo wa watoto. Kama wameamua kugawana, ujengwe ukuta, mlango wa pili upo tayari upande wa barabara, kila mmoja awe na karakana yake na amani yake. Sindano alisema sawa. Spika, ambaye hajawahi kukosa la kusema, naye alisema sawa, akitazama pembeni.

Bwana Maji, alipoambiwa kwamba karakana inagawanyika, aliona haya, kisha akatoa jawabu la mtu asiyetaka kumkosea yeyote: basi mmoja atengeneze kijaluba cha bondeni, mwingine cha mlimani. Kwake yeye, mradi vinazungumza.

Ikabaki ile kazi ya kwanza, aliyoihamisha Sindano. Spika alidai ni ya karakana. Sindano alisema ni ya kichwa chake. Mjomba akaamua, kama alivyozoea kuamua juu ya magunia: iwekwe kando, asiitumie yeyote, kila mmoja aanze upya kutoka zile taratibu kubwa ambazo ni za watu wote, asije mtu kusema ameibiwa. Sindano alikubali upesi kuliko ilivyotarajiwa. Alijua angeweza kuifanya tena akiwa amefumba macho, na alijua kaka yake angezama. Alitaka azame. Alitaka aje, siku Bwana Maji atakapokuwa amesimama hapo na kisigino chake cha tope, aseme kwa ile sauti yake ya kuuzia maji kwamba imenishinda, aliyefanya ni dada yangu. Katika dunia nzima Sindano hakuwa akitaka kitu kingine. Neno lile lirudi lilikotoka.

Lakini Spika hakuzama. Alikuwa akifanya kazi amegeuza mgongo, redio imezimwa, na kutoka ng'ambo ya mstari Sindano aliisikia ile miguno yake, ya mtu anayefumua "subiri hapa" moja baada ya nyingine. Hasira yake ikaongezeka badala ya kupungua. Kumbe aliweza. Kumbe muda wote aliweza, na alikaa akipaka vifuniko rangi.

Mahali pamoja katika kazi ile palimkera Sindano mara ya pili kama palivyomkera mara ya kwanza. Zile taratibu zina desturi moja ya tahadhari. Kila ncha, kabla ya kubisha hodi, inajichagulia namba yake, namba ya kubahatisha, na inaitaja katika salamu. Sababu ni kwamba waya ukijikunja ukarudi ulikotoka, mashine inaweza kuzungumza na mwangwi wake ikadhani ni mgeni. Ikisikia namba yake yenyewe inarudi, inajua: hapa hakuna mtu, ni mimi. Inachagua nyingine, inajaribu tena, na ikizidi kuisikia yake inakata. Mashine kubwa hupata namba hiyo kwa kuangalia saa. Kijaluba hakina saa. Kila kikiwashwa kinaamka kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, hakijui jana wala leo. Kwa hiyo ni lazima kipewe mbegu, namba ya kuanzia, ambayo itazaa nyingine na nyingine. Sindano akaandika tarakimu nne zilizomjia kichwani, zilezile za mara ya kwanza, akasema moyoni atarudi kuzirekebisha, akaendelea na chawa wengine. Mara ya kwanza, kijaluba kilipozungumza na kompyuta kubwa, mbegu hiyo haikumletea tabu.

Asubuhi ya kuviunganisha vijaluba viwili ndiyo asubuhi aliyokuja mwashi. Mjomba ndiye aliyepanga hivyo, kazi ya maji iishe na ukuta uanze. Matofali yakashushwa barabarani, mchanga ukamwagwa mlangoni, na mwashi, mtu mfupi mcheshi mwenye kofia ya karatasi ya saruji, akautazama mstari wa chaki akatikisa kichwa.

"Ndugu wakigombana, wengine hushika jembe," alisema. "Mimi nashika mwiko."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mjomba. Mwashi akaanza kupanga, mstari wa kwanza, wa pili, kiti cha Mama kikasogezwa, na meza ikavutwa nyuma ili ukuta uweze kupita.

Sindano alikiweka kijaluba chake ncha hii ya meza. Spika akakiweka chake ncha ile. Hawakutazamana. Waya ukaungwa, vikawashwa. Taa ndogo za kijani zikawaka, zikapepesa, zikafa. Zikawaka tena, zikapepesa, zikafa. Kila kimoja kilibisha hodi na kila kimoja kikakata.

Spika akamwambia Mama amwambie dada yake kwamba kijaluba chake kina kasoro. Sindano akamwambia Mama amjibu kwamba chake kilikwisha kuzungumza mbele ya Bwana Maji, kwa hiyo kasoro anayo aliyeianza kazi hii juzi. Mama alikuwa anahesabu vifungo, hakupeleka chochote.

Basi Sindano akafanya linalofanywa na fundi yeyote. Alichukua waya mwembamba, akaugusisha katikati ya ule mkubwa, akasikiliza kwenye kompyuta yake yanayopita. Salamu ya kijaluba chake ikatokea, na namba yake. Ikafuata salamu ya kijaluba cha kaka yake, na namba yake.

Namba ni ileile.

Akadhani amesoma mstari mmoja mara mbili. Akaangalia tena. Kila kijaluba kilikuwa kimesikia namba yake kinywani mwa mwenzake, kikasema hapa hakuna mtu, ni mimi. Kikachagua namba nyingine. Na hiyo nyingine nayo ilikuwa ileile kwa mwenzake. Ya tatu ileile. Mbegu moja huzaa watoto walewale kwa mpangilio uleule. Maana yake ni kwamba ndani ya kijaluba cha kaka yake imo mbegu yake yeye, tarakimu zake nne, alizozitoa kichwani mwake na kutomwambia mtu.

Basi kaka yake hakuwa amezama kwa sababu hakuwa ameogelea. Miguno ile ilikuwa mchezo wa kuigiza. Alikuwa ameingia katika kazi yake iliyowekwa kando, akaibeba nzima, na kwa uvivu wake hata mbegu hakubadilisha, kama mwizi anayeiba shati na kulivaa likiwa bado na jina la mwenyewe kwenye kola.

Alisimama. Safari hii hakupitia kwa Mama.

"Mwizi wewe."

Mwiko wa mwashi ukasimama hewani. Spika akageuka polepole.

"Umesemaje?"

"Nimesema mwizi. Mjomba, uliyesema asije mtu akasema ameibiwa, mimi ndiye huyo mtu na nasema. Hakuanza upya. Amechukua yangu. Kwanza aliiba jina la kazi, sasa ameiba kazi yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimelala naye tumbo moja."

Spika akaja mpaka kwenye tofali, akainama kwenye kompyuta ya dada yake, akasoma. Uso wake ukabadilika, lakini haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu aliyekamata.

"Namba hiyo ni yangu," alisema. "Niliiandika mimi kwa mkono wangu, na hakuna aliyeniona. Wewe ndiye uliyeingia kwenye yangu. Umeshindwa kuvumilia kwamba nimeweza."

"Ningeiba nini kwako, rangi ya kijani?"

"Muulize Mama kama si wewe unayelala karakanani na mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma."

Wakapaziana sauti juu ya ukuta uliokuwa umefika magotini. Aliyoyasema Sindano yalikuwa ya miaka. Alitaja kila mteja aliyeambiwa asubiri kaka yake arudi, wakati redio ya mteja huyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa na Sindano na iko tayari mezani. Alitaja zile kadi za biashara zenye jina moja. Alitaja siku Spika alipomwambia mchumba wake mwenyewe mbele ya wageni kwamba dada yangu huyu mnyamavu, anapenda kunifuatafuata. Spika akataja kiburi cha dada yake, na namna anavyomsahihisha mtu kwa kuguna bila kusema, mpaka mtu anajiona mjinga ndani ya nyumba yake. Mjomba alikuwa anapiga makofi kuomba utulivu kama mwalimu mkuu, na hakuna aliyemsikia. Mwishowe akauliza kwa nguvu ni namba gani hiyo ya kuvunjia nyumba.

Kwa sababu wasiyoifikiri, wote wawili waliona si namba ya kutajwa ovyo.

"Semeni," alisema Mjomba. "Mnaaibika nini?"

Sindano akaitema: "Nne, moja, saba, tatu."

Vifungo vikamwagika. Mama alikuwa amesimama, na kopo lake la vifungo limebingirika mpaka kwenye mchanga wa mwashi. Watoto wake walikuwa wameshamwona amekasirika, lakini namna hii, hapana.

"Rudia," alisema.

Sindano akarudia, kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni namba ya kufuli langu," alisema Mama. "La sanduku langu la chuma, chini ya kitanda changu. Sijamwambia mtu. Baba yenu sikumwambia mpaka anaingia kaburini. Na nyinyi mmeitia kwenye pampu za maji za watu."

Katika karakana ile kikasikika kitu kimoja tu, kuku nje akijikwaa kwenye waya, na kompyuta ya Sindano ikazimika. Hakuna aliyegeuka kuiwasha.

Maana sasa wale pacha walikuwa wamekumbuka. Walikuwa wadogo, hata shule hawajaanza, na Mama alikuwa akificha biskuti ndani ya sanduku lile. Kufuli lilikuwa la kuzungusha, lenye magurudumu manne madogo ya tarakimu. Walijilaza chini ya kitanda, kifua kwenye saruji baridi, mmoja anazungusha na mwingine amebandika sikio kwenye chuma, anasikiliza gurudumu linavyobadili mlio likifika mahali pake. Walifungua, wakala, wakafunga. Wakafungua tena na tena, mpaka namba ile haikuwa tena namba, ikawa kama jina la utani la nyumba. Na walipokua, kila mmoja kwa siri yake, kila palipohitaji tarakimu nne za haraka, vidole viliiandika bila kumuuliza mwenyewe.

"Wezi wote wawili," alisema Mama. "Mnaitana mwizi, kila mmoja anadai ameibiwa, na mwenye mali ni mimi. Nilikuwa nampiga mbwa kwa ajili ya biskuti zile."

Mwashi alifunika mdomo kwa kofia yake. Mjomba alifungua kinywa aseme mbegu moja tumbo moja, akamwona dada yake, akakifunga.

Sindano alitaka hasira yake imtoke, na haikumtoka. Wizi haukuwapo, sawa. Lakini neno lilikuwapo. Aligeuka kwa kaka yake, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya chini.

"Ni nani aliyelifungua kufuli?"

Spika alijua anaulizwa nini. Pacha hahitaji kufafanuliwa. Alikwaruza saruji mbichi iliyokuwa ikikauka kati ya tofali mbili, akaitazama kwenye ukucha. Mjomba alikuwapo, mwashi alikuwapo, na mtu mwenye sauti ile si rahisi kuishusha mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyesikiliza," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nazungusha tu, unaponiambia zungusha."

"Sema vizuri."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Si mimi wa kuambiwa hilo. Mimi nalijua. Kesho atakuja mtu wa kuambiwa."

Spika akasema mtu hawezi kumrudia mteja kumfafanulia neno moja, ataonekana kichaa. Sindano akajibu kwamba ukuta unaweza kuendelea, basi, tofali zipo, na mwashi amekunywa chai ya bure. Akaenda kuwasha kompyuta yake. Mwashi akamtazama Mjomba, Mjomba akamtazama Mama, Mama alikuwa amepiga magoti anaokota vifungo kwenye mchanga na kuvipuliza kimoja kimoja, na hakumtazama mtu. Mwashi akaweka mwiko chini. Alisema saruji hii ni vizuri ipumzike kidogo, ingawa kila anayejua saruji anajua haipumziki.

Kazi ya vijaluba ilibaki palepale. Nani abadilishe namba? Sindano hakukubali kuwa yeye. Spika hakukubali kuwa yeye. Na hata angekubali mmoja, Sindano alijua kasoro ingebaki: namba yoyote atakayoichagua mmoja wao kichwani, mwingine anaweza kuwa nayo kichwani vilevile. Iliwabidi watafute kitu ambacho hakikutoka kwa yeyote kati yao. Spika ndiye aliyesema, akiwa ameinama juu ya kifaa chake, kama anayejisemea, kwamba mguu mmoja wa kupimia wa kijaluba haujaungwa popote, unaning'inia hewani, na kila ukiusoma unaleta namba tofauti, takataka, uvumi wa hewa tu. Sindano akaitafuta kasoro katika wazo lile. Aliitafuta kwa bidii. Hakuiona.

"Itafaa," alisema, na lilimtoka kama jino.

Wakaiandika, kila mmoja kwenye chake. Mbegu ikatoka kwenye uvumi. Taa za kijani zikawaka, zikapepesa, zikatulia. Kijaluba cha bondeni kilibisha hodi, na cha mlimani, kwa mara ya kwanza, kikasikia sauti isiyokuwa yake, kikaitikia. Hakuna aliyeshangilia.

Asubuhi iliyofuata Bwana Maji alifika na kisigino chake. Akashangaa kuukuta ukuta wa kimo cha magoti katikati ya chumba na vijaluba viwili vimewekwa juu yake, kimoja huku, kimoja kule. Akajaribu, vikazungumza, akafurahi, akageuka kwa Spika kama alivyozoea, kumpa mkono wa pongezi.

Spika hakuupokea mkono mara moja. Alisafisha koo. Sindano, ng'ambo ya tofali, alikuwa anakunja waya na hakuinua macho, ila vidole vilikuwa vimesimama.

"Kuna jambo nililisema vibaya siku ile," alisema Spika, na ile sauti kubwa ilikuwa imekauka kama bomba la nyuma ya mlima. "Huyu dada yangu ndiye aliyeifanya kazi ya mazungumzo. Cha kwanza alikifanya peke yake. Mimi namsaidia."

Bwana Maji akatazama huku na huku, asijue aingie wapi kati ya watu hawa. Kwa adabu akamuuliza Sindano kama ni kweli, kaka anamsaidia.

Sindano akamaliza kukunja waya, akaufunga kwa uzi, akauweka.

"Kidogo," alisema.

Spika alipiga kiganja kwenye tofali. Alisema kidogo kwa vipi, vya kupimia maji ni vya nani, wazo la uvumi ni la nani, na huyu mwanamke hatosheki hata ukimpa mkono mzima. Sindano akamjibu kwamba mkono hakupewa, amerudishiwa wake. Bwana Maji alichukua vijaluba vyake akarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni, akaruka waya wa kuku, akaenda zake, na wao wakaendelea, uso kwa uso, juu ya ukuta wa magotini, mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na kamba mpya shingoni yenye ufunguo wa kufuli jipya. Alishona vifungo vyake. Siku hiyo hakuna aliyemtuma kwa mwenzake hata neno moja.